Mdudu mmoja kwenye chupa moja: majibu ya kuotesha damu yasomwe vipi?

SWALI: Daktari, asalaam aleikum. Mimi ni mkaazi wa Langoni, Lamu. Mamangu ana miaka 67 na ana sukari. Mwezi uliopita alishikwa na homa na kutetemeka usiku. Kwenye kliniki walipima malaria wakasema hakuna, wakapima Widal wakasema ana taifodi, akachomwa sindano za seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, siku mbili. Homa haikushuka, tukampeleka hospitali akalazwa. Huko wakamtoa damu mkono mmoja, wakajaza chupa mbili, wakasema zinaenda kuoteshwa. Siku ya tatu jibu likaja: chupa moja imeota Staphylococcus epidermidis, ya pili haijaota kitu. Daktari akasema tusishughulike na mdudu huyo, ila akaagiza damu itolewe tena, safari hii chupa nne, mikono yote miwili. Baada ya siku tano tukaambiwa hakuna kilichoota. Sindano ziliendelea hadi siku ya kumi, homa ikakoma, sasa yuko nyumbani. Mdudu ameonekana kwenye damu ya mamangu, vipi apuuzwe? Jibu lipi ndilo la kweli? Damu yote ile ilikuwa ya nini kwa mtu mzima aliye mgonjwa? Na je, turudie kipimo ili tujue damu imesafika?

JIBU: Aleikum salaam, ndugu yangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na lile linalokukera: daktari wenu hakupuuza jibu. Alilisoma, akalitilia shaka, kisha akafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, akaagiza damu itolewe upya kwa namna inayoweza kuikata shaka hiyo. Majibu yote mawili mliyopewa ni ya kweli. Maabara iliona mdudu, na mdudu alikuwamo kwenye chupa. Suala ni aliingia humo akitokea wapi, kwenye mshipa wa mama au kwenye ngozi ya mkono wake. Hilo karatasi ya majibu haiwezi kukwambia. Anayelijua ni aliyeshika sindano, na ndiyo maana mimi nikiletewa majibu ya kuotesha damu, kabla sijauliza kilichoota huuliza damu ilitolewa vipi, kiasi gani, na baada ya dawa zipi.

Kazi ya maabara yenyewe nitaipitia haraka, maana mara chache ndiko mambo yanakoharibikia. Ndani ya chupa mna mchuzi wa lishe ya bakteria na dawa ya kuzuia damu isigande. Damu ikishatiwa, chupa huwekwa kwenye mashine yenye joto la mwili, nyuzi 35 hadi 37, iwe inatikiswa polepole. Bakteria wakiwamo watakula, watazaana na kutoa hewa ya kaboni, na mashine huifuatilia hewa hiyo usiku na mchana. Kuna chupa ambazo kitako chake hugeuka rangi kikawa cha manjano hewa ikizidi. Mashine ikitoa ishara, mtaalamu wa maabara huchukua tone, hulipaka kwenye kioo na kulitia rangi kwa njia iliyobuniwa na daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, mwaka 1884, ambayo hadi leo hatujapata ya kuiondoa mezani. Kwenye darubini ataona ama vidonge vya zambarau, ama vijiti vya waridi, au mchanganyiko. Habari hiyo ya kwanza inapaswa kupigiwa simu wodini saa hiyohiyo. Jina kamili la mdudu na dawa zinazomuua huja baada ya siku moja au mbili zaidi, kwa sababu lazima aoteshwe tena kwenye sahani. Kama hakuna ishara yoyote, chupa hukaa siku tano ndipo inatolewa na kuandikwa kwamba hakuna kilichoota. Kwa hiyo zile siku tano mlizosubiri ndizo siku za kipimo chenyewe, hakuna aliyezilalia.

Sasa tuje mkononi. Staphylococcus epidermidis anaishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu, aliyeoga na asiyeoga. Hatuumwi naye. Sindano inapopenya ngozi inaweza kumkokota mmoja tu mpaka ndani ya chupa, na mmoja akifika kwenye lishe na joto anatosha kabisa kuifanya mashine itoe ishara. Mashine haina namna ya kutofautisha mdudu aliyekuwa akizunguka kwenye damu na yule aliyepandia njiani.

Ndiyo sababu utoaji wa damu ya kuotesha haufanani na utoaji wa damu ya kupima sukari au wingi wa damu. Ukipata nafasi ya kusimama kando, mtazame muuguzi anayeijua kazi hii. Mkono ukiwa na mafuta ya nazi au vumbi, atauosha kwanza kwa maji na sabuni, kwani spiriti haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. (Hina na piko hazina neno, rangi ile imeshazama ndani ya ngozi.) Atafunga mpira, atautafuta mshipa kwa kidole, kisha atasugua mahali hapo kwa klorheksidini iliyochanganywa na spiriti kwa muda wa nusu dakika, na hapo atasimama. Hatapuliza wala kupepea, wala hatapangusa kwa pamba. Ataacha ngozi ikauke yenyewe, kwa sababu dawa inaua wakati inakauka. Wakati inakauka ataondoa vifuniko vya plastiki na kufuta mipira ya chupa kwa spiriti, maana chini ya kifuniko hapana usafi wa uhakika kama wengi wanavyodhani. Halafu linakuja jaribu kubwa kuliko yote: mshipa umejificha, na kidole kinataka kurudi kuugusa kabla ya kuchoma. Kidole kikirudi, usafi wote umekwisha, uanze upya. Nimeona wenye mikono mizuri sana, wanaompata mtoto mchanga kwa mchomo mmoja, wakishindwa na hilo tu.

Njia nyingine ya mkato ni kuvuta damu kwenye kanula ya dripu iliyokwisha kukaa mkononi tangu jana. Mgonjwa anashukuru hakuchomwa mara ya pili, na chupa inaota mdudu wa ngozi. Hata hospitali zenye nidhamu kubwa na vifaa vyote zimejiwekea kiwango kwamba mdudu wa ngozi asiingie chupani zaidi ya mara 3 kwa kila mara 100 damu inapotolewa. Kwa hiyo kilichompata mama si ajabu wala si aibu ya mtu fulani. Ni hatari ya kipimo chenyewe, nayo inajulikana.

Inatatuliwaje? Kwa kuchoma mahali pawili tofauti. Chupa mbili zilizojazwa kwa mchomo mmoja huitwa seti moja, na zinabeba kosa moja: kama ngozi haikusafika, yoyote kati yake inaweza kuota, na pengine zote mbili. Damu ikitolewa mkono wa kulia kisha wa kushoto, kila mkono umesafishwa peke yake, ni vigumu mdudu yuleyule wa ngozi aingie kwenye seti zote kwa bahati mbaya. Akiota kwenye seti zote mbili, tena akiwa na tabia ileile ya kusikia dawa zilezile, hapo hata huyu epidermidis tunamheshimu. Mama alipotolewa mara ya pili, chupa nne, mikono miwili, na yeye asionekane popote, ilithibitika vya kutosha kwamba alikuwa wa ngozini. Sindano za kumuua zingekuwa kali na za gharama, na baadhi yake zinaumiza figo. Kwa mwenye sukari wa umri huo, kutompa dawa asiyoihitaji ni matibabu pia.

Ila nisikuache na kanuni nusu. Mdudu huyuhuyu wa ngozi angehesabiwa adui wa kweli kama mama angekuwa na vali ya moyo ya kuwekwa, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mrija wa kusafishia figo, au mrija wowote uliokaa kwenye mshipa mkubwa. Epidermidis anapenda sana kung'ang'ania plastiki na chuma. Hali kadhalika kwa kichanga aliyezaliwa kabla ya wakati. Kama mama ana kimojawapo cha vitu hivyo na hukukitaja, mwambie daktari wenu leo.

Na wapo wadudu ambao hata wakiota kwenye chupa moja kati ya nne hatuthubutu kuwaita wa ngozi. Wa kwanza ni Staphylococcus aureus. Jina linafanana, tabia ni mbali. Huyu akionekana kwenye damu hata mara moja, mgonjwa hatoki hospitali kwa haraka: hupewa dawa ya mshipani kwa siku zisizopungua 14, moyo hupimwa kwa mawimbi ya sauti kuona kama hajatua kwenye vali, na damu huoteshwa tena na tena mpaka ionekane safi. Nimeshawahi kumsikia mtu akisema, mbele ya jibu la aureus, kwamba ni staph tu wa ngozi. Ukiona neno Staphylococcus, soma na neno linalofuata. Wengine wasiopuuzwa ni E. coli, Klebsiella, Salmonella, Streptococcus pneumoniae na fangasi aitwaye Candida. Kwa upande wa pili, pamoja na epidermidis, wako Corynebacterium, Micrococcus na Bacillus, ambao mara nyingi wamepandia sindanoni.

Muda nao unasema kitu. Aliye wa kweli kwa kawaida huwa wengi tangu mwanzo, basi mashine hutoa ishara ndani ya siku moja, mara nyingine ndani ya saa kumi na kidogo. Wa ngozi huanza mmoja au wawili, huchelewa. Si sheria, lakini jibu lililokuja siku ya tatu kwenye chupa moja lilikuwa linanong'ona jambo, na naamini daktari wenu alilisikia.

Umeuliza kuhusu wingi wa damu. Chupa ya mtu mzima inataka mililita 8 hadi 10, hivyo chupa nne ni kama mililita 40. Mwanamke wa kilo 60 ana damu karibu lita nne, kwa hiyo mama alitolewa kama sehemu moja kwa mia. Anayejitolea damu hutoa mililita 450 akanywa soda akaenda kazini. Mgonjwa hatadhoofika kwa hizo 40, na wala hakuna wa kuzinunua: nasikia minong'ono ya barazani kwamba damu nyingi ikichukuliwa kuna anayefaidi, lakini damu iliyokwisha kuchanganywa na mchuzi wa chupa haiwezi kuongezewa mtu yeyote.

Kwa nini nyingi hivyo? Kwa sababu bakteria kwenye damu ya mtu mzima huwa wachache mno. Aghlabu hawafiki 10 kwa mililita, na mara nyingi mililita nzima haina hata mmoja. Ukichota kikombe kimoja cha maji ya mkondo wa Mokowe ukakosa uduvi, huwezi kuapa kwamba mkondo hauna uduvi. Seti moja iliyojaa vizuri huwakosa bakteria kwa kati ya robo na theluthi ya wagonjwa walio nao kweli. Seti mbili hupunguza kosa hilo hadi kama 10 au 20 kwa mia, na seti tatu hulishusha chini ya 5. Zaidi ya hapo faida ni ndogo. Chupa zilizotiwa mililita tatu tatu, ambazo ndizo ninazoziona mara nyingi wodi ikiwa imejaa na muuguzi yuko peke yake, zinatoa jibu la hakuna kilichoota kwa wepesi ambao haufai kuaminiwa. Ubavuni mwa chupa pana mistari ya vipimo. Muuguzi makini huweka alama ya kalamu kwenye mstari wake kabla ya kuanza, kwa kuwa chupa hunyonya yenyewe na ukiiachia itanyonya hata zaidi ya inavyotakiwa. Kwenye seti chupa moja ni ya bakteria wanaopenda hewa na nyingine ya wasioitaka; damu ikiwa haba, ya wanaopenda hewa ndiyo hujazwa kwanza. Kwa watoto hesabu ni nyingine, hufuata uzani, na kuna chupa zao maalumu ambazo mililita moja hadi tatu zinatosha, maana bakteria kwenye damu ya mtoto mara nyingi huwa wengi zaidi.

Tufike kwenye jambo lililoniumiza katika barua yako, na si lile uliloliuliza. Mama alichomwa seftriaksoni siku mbili kabla damu haijaoteshwa. Dawa hiyo ni kali na hukaa mwilini, ndiyo maana huchomwa mara moja kwa siku. Bakteria waliodhoofishwa nayo wanaweza kuwamo ndani ya chupa na wasiote. Baadhi ya chupa zina chembe za kunyonya dawa, lakini zinapunguza tu, haziondoi yote. Kwa hiyo ile hakuna kilichoota ya mara ya pili isome hivi: epidermidis hakuwa adui, hilo limethibitika, lakini ni nani aliyekuwa adui, hatutajua tena. Nafasi ya kumjua ilikuwa asubuhi ile ya kwanza, kabla ya sindano ya kwanza. Siwalaumu nyinyi. Homa ya Pwani yote hupewa majina mawili, malaria au taifodi, na ikikosa la kwanza hupewa la pili.

Hiyo Widal, nikwambie wazi, mimi siitegemei. Ilianza mwaka 1896, wakati hapakuwa na kingine. Haitafuti mdudu, inatafuta kinga ambayo mwili umeitengeneza, na mtu aliyeishi miaka 67 mahali ambapo taifodi ipo anaweza kuwa na kinga hiyo kutokana na ugonjwa wa zamani, au wa ndugu zake hao Salmonella, au hata homa nyingine isiyohusiana nao. Taifodi huthibitishwa kwa kumwotesha mdudu mwenyewe. Hata hapo kuotesha damu hunasa wagonjwa kama 6 tu kati ya 10, kwa kuwa Salmonella Typhi ni mchache sana kwenye damu, hivyo ukikosa huwezi kuikana taifodi, lakini ukipata umeshika kitu, tena unajua dawa gani bado inafanya kazi.

Mkinitaka nibahatishe, kwa mwanamke mwenye sukari, wa umri huo, anayetetemeka mpaka kitanda kinatikisika, ningeanza kuushuku mkojo na figo, kisha mapafu, kisha ningemvua viatu nimtazame nyayo. Kutetemeka kwa namna hiyo, si ile baridi ya kujifunika shuka tu, ni mojawapo ya dalili zenye nguvu kwamba bakteria wameingia kwenye damu. Seftriaksoni ya siku kumi inatibu wengi wa aina hiyo, ndiyo maana alipona. Ulizia kama mkojo wake ulioteshwa. Mara nyingi mkojo hutoa jina ambalo damu imelikataa.

Kuna na homa ambazo chupa hizi hazitaziotesha kamwe, ujaze ndoo. Virusi haviishi kwenye mchuzi. Wewe wa Lamu huna haja ya kuelezwa chikungunya: mwaka 2004 ilipita kisiwani hadi utafiti uliofuata ukakadiria kwamba robo tatu ya watu waliambukizwa. Dengi nayo, mlipuko wake wa kwanza kuripotiwa Kenya ulikuwa Malindi na Kilifi mwaka 1982. Kifua kikuu kinataka chupa zake na wiki nyingi. Brusela ya maziwa mabichi ya mbuzi na ngamia huota, ila polepole, na huweza kumwambukiza mtu wa maabara, kwa hiyo mgonjwa akiwa anafuga au anakunywa maziwa hayo ni lazima iandikwe kwenye fomu.

Hata hivyo usije ukadhani nakidharau kipimo. Kilifi, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kati ya 1998 na 2002 waliotesha damu ya watoto waliolazwa, si wale tu walioonekana kuwa mahututi. Zaidi ya watoto elfu moja walikutwa na bakteria kwenye damu. Kwa vichanga wa chini ya siku 60 walikuwa karibu 13 kwa kila 100 waliolazwa. Na vifo vya watoto hao waliokutwa na bakteria vilikuwa kama robo ya vifo vyote vya watoto pale hospitalini. Huko wodini kabla ya hapo jicho lote lilikuwa kwa malaria. Utafiti mwingine wa hapohapo ulionyesha kwamba watoto wenye ugonjwa wa selimundu wako kwenye hatari ya bakteria wa damu mara 26 kuliko wenzao. Mzazi wa Malindi au Lamu mwenye mtoto wa selimundu aliyeshikwa na homa asikae na panado kusubiri kesho.

Neno moja kuhusu safari, kwa kuwa wengi mnaoniandikia mko visiwani. Damu ikitolewa Faza au Siyu, au ikitolewa Lamu na kupelekwa maabara ya mbali, chupa za kuotesha hazitiwi kwenye sanduku la barafu pamoja na sampuli nyingine. Baridi inaua baadhi ya bakteria walio dhaifu, hasa wale wa kichomi na wa uti wa mgongo. Zikae kwenye joto la kawaida la chumba, kivulini, na zifike kwenye mashine ndani ya saa chache; nne ni vizuri, na zikipita kumi na mbili jibu huanza kupoteza thamani. Shida yetu ni kwamba joto la chumba mwezi wa pili pale Mokowe si lile lililoandikwa kwenye kijitabu cha mtengenezaji. Chupa iliyoachwa juani kwenye sitaha ya boti, au mbele ya gari kwenye kioo njia nzima ya Garsen, bakteria wake huanza kuzaana humo njiani. Zikifika wakiwa wameshamaliza kukua, mashine, ambayo hutafuta mabadiliko, haioni badiliko lolote na inaandika hakuna. Chupa imejaa wadudu na jibu ni sifuri. Mtaalamu wa maabara mwenye uzoefu akipokea chupa iliyochelewa huitazama kwanza kwa macho, na akiona kitako kimeshageuka rangi huchukua tone bila kuisubiri mashine. Andikeni saa ya kutoa damu kwenye chupa. Bila saa hiyo hawezi kujua kama imechelewa.

Kuhusu kurudia: hapana, msirudie. Mama hana homa, dawa zimekwisha, na hakukuwa na mdudu wa kweli aliyeoteshwa ambaye tungetaka kuhakikisha ameondoka. Tunarudia kuotesha damu ya aliyepona nusu pale tu ilipoonekana aureus, Candida, au maambukizi kwenye vali za moyo, na maradhi machache mengine. Kumtoa damu mtu mzima asiye na homa ni kuita tena mdudu wa ngozi, na mtarudi palepale mlipokuwa siku ya tatu.

Kilicho muhimu zaidi ni homa ikirudi, na ikirudi kwa kutetemeka msisubiri ipite. Msipitie duka la dawa kwanza. Nendeni hospitali siku hiyohiyo, mchukue na karatasi zote mbili za majibu pamoja na majina na tarehe za sindano alizopata, na mwombe kwa adabu damu itolewe mikono miwili kabla ya dawa kuanza. Kuna sharti moja tu: akifika amelegea, amechanganyikiwa, au shinikizo la damu limeshuka, dawa zisicheleweshwe. Katika hali hiyo saa moja ni nyingi, damu itolewe kama inawezekana kwa haraka, na kama mshipa umekataa, sindano ya dawa itangulie. Sukari yake ipimwe papo hapo, na wamwambie atoe mkojo kabla hajapewa chochote, kama anaweza.